Chumvi, Zimwi na Lugha ya Kuazima: Maadili katika Kipindi cha Kwanza cha Star Trek

1.0 Utangulizi

Tarehe 8 Septemba 1966 shirika la televisheni la NBC la Marekani lilianza kuonyesha tamthilia mpya ya mfululizo iliyoitwa Star Trek. Watazamaji wa Kanada walikuwa wamekiona kipindi hicho cha kwanza siku mbili kabla. Kipindi chenyewe, "The Man Trap", kilitungwa na George Clayton Johnson na kuongozwa na Marc Daniels. Hakikuwa cha kwanza kupigwa picha. Kilichaguliwa na shirika miongoni mwa vipindi vilivyokuwa tayari. Kwa uamuzi huo, umma uliingizwa katika ulimwengu mpya wa kubuni kupitia hadithi ya kiumbe anyonyaye chumvi ya miili ya watu, na ambaye mwishoni, akiwa wa mwisho wa jinsi yake, anauawa.

Tamthilia hiyo ilijipatia wafuasi wenye bidii isiyo ya kawaida. Mwaka 1968 waliandika barua kwa wingi ili kuizuia NBC isiifute, na Januari 1972 walikusanyika New York katika mkutano mkubwa wa kwanza wa aina yake. Miongoni mwa masuala ambayo wafuasi hao wameyajadili kuhusu kipindi cha kwanza, moja linahusu maadili: je, ilikuwa haki kumwua kiumbe yule?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo limekuwa likiulizwa mahali pasipo pake. Watazamaji huukodolea macho mlio wa mwisho wa silaha, na kuupita upesi mkasa mfupi wa katikati ambamo kiumbe anazungumza Kiswahili. Mkasa huo, ambao kwa mtazamaji wa Marekani ulikuwa pambo tu, ndio unaofungua mlango wa tatizo lenyewe: nani anasikilizwa, na kwa lugha ya nani.

Ili jambo hilo lionekane vyema, kipindi kitasomwa kana kwamba mtazamaji ameketi Lweba, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika eneo la Fizi na Baraka, Kivu ya Kusini. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa ajili ya kupamba hoja. Mwenyeji wa pwani ya Bahari ya Hindi anaposikia Kiswahili hudhani amesikia lugha ya mama. Huko Fizi, ambako wengi huzaliwa katika Kibembe, Kiswahili ni lugha ya kukutania: lugha ya soko, ya mtumbwi na ya mgeni. Hali hiyo inakaribiana zaidi na hali ya mhusika anayesemeshwa Kiswahili ndani ya chombo cha angani.

2.0 Muhtasari wa Hadithi

Chombo kiitwacho Enterprise kinafika sayari M-113 ili kuwapima afya Profesa Robert Crater, mtaalamu wa mambo ya kale, na mkewe Nancy. Daktari wa chombo, McCoy, aliwahi kumpenda Nancy miaka mingi nyuma. Kila mwanamume anamwona Nancy kwa sura tofauti: daktari anamwona kijana kama alivyomwacha, Nahodha Kirk anamwona mama wa makamo, na baharia mmoja anamwona msichana mwingine kabisa. Baharia huyo anakutwa amekufa, na uchunguzi unaonyesha kwamba mwili wake umenyonywa chumvi yote. Wakati huohuo Crater hana haja na daktari. Anachodai ni vidonge vya chumvi na kuachwa peke yake.

Polepole ukweli unafichuka. Nancy halisi alikwisha kufa, ameuawa na kiumbe wa sayari ile mwenye uwezo wa kujigeuza sura. Crater anajua. Ameishi naye, amemlisha chumvi, amemzoea, na anamtetea kwa hoja kwamba ndiye wa mwisho. Anamfananisha na nyati wa Amerika, waliokuwa mamilioni wakatoweka. Kiumbe anaingia chomboni kwa sura ya baharia aliyemwua, anaendelea kuua, anachukua sura ya McCoy mwenyewe, anamwua Crater, na hatimaye, akiwa tena katika sura ya Nancy, anapigwa na McCoy alipokuwa akimshambulia Kirk. Kipindi kinafungwa Kirk akiwa ameduwaa. Anasema alikuwa akiwawaza wale nyati.

3.0 Mjadala wa Watazamaji

Wanaolaumu mauaji yale husema kwamba kiumbe hakuwa mwovu bali mwenye njaa. Tena alikuwa na akili na mapenzi ya namna fulani, na kumwua yeye kulikuwa kufuta jinsi nzima. Chombo kinachojigamba kutafuta viumbe wapya kiliwezaje kuanza safari yake kwa kumaliza jinsi moja? Wanaoyatetea hujibu kwamba McCoy hakuwa na nafasi ya falsafa. Rafiki yake alikuwa anakufa mbele ya macho yake, na kiumbe alikwisha kuua watu kadhaa ambao hawakumkosea chochote.

Pande zote mbili zina haki, na ndiyo sababu mjadala hauishi. Lakini zote zinalianzisha suala mwishoni, wakati njia zote zilikwisha kufungwa. Uhakiki wa maadili hauna budi kuuliza njia hizo zilifungwa lini na nani.

Anayestahili kutazamwa kwanza ni Crater. Yeye peke yake alijua kwamba kiumbe akishiba chumvi hukaa na mtu bila kumdhuru; maisha yake mwenyewe yalikuwa ushahidi. Angalisema siku ya kwanza, magunia machache ya chumvi yangalitosha kuanzisha mazungumzo. Badala yake alimficha. Akamwita mkewe. Akawaacha wageni waingie katika nyumba ya mwenye njaa bila kuwaonya. Mtu anayedai kumlinda aliye wa mwisho wa jinsi yake, kisha akamnyima jina lake na kumvika sura ya marehemu, amekwisha kumfuta kwa namna yake kabla ya silaha kulia.

Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Crater aliishi juu ya methali hiyo kwa muda mrefu, na ikamsaidia. Kilichomponza ni kusahau kwamba methali inamhusu ajulikanaye na zimwi. Mabaharia wa Enterprise hawakujulikana nalo, wala wao hawakulijua, na ujuzi uliokuwa mikononi mwa mtu mmoja haukuwafaa wengine.

4.0 Kiswahili Kama Chambo

Mkasa wa Kiswahili ni wa dakika chache. Luteni Uhura, mwanamke Mwafrika anayeshughulikia mawasiliano ya chombo, anakutana ukumbini na baharia mweusi asiyemfahamu, aliyeigizwa na Vince Howard. Baharia huyo anamwambia kwamba anaonekana mpweke, na kwamba alikuwa akimfikiria mtu wa namna yake. Kisha anamsemesha maneno ya Kiswahili, na Uhura anajibu. Anasimama kama aliyelogwa, baharia anamsogelea. Anaokolewa na mwito wa kazi na kutokea kwa wenzake.

Jina la mhusika huyu lina historia yake. Mwigizaji Nichelle Nichols alikwenda kufanyiwa majaribio akiwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, riwaya ya mwaka 1962 kuhusu Kenya iliyoandikwa na Mmarekani mwenye mtazamo ulio karibu na wa walowezi. Mwanzilishi wa tamthilia, Gene Roddenberry, alilipenda neno hilo, na irabu ya mwisho ikabadilishwa ili lilie kike. Kiswahili hakina kiambishi cha jinsia, wala irabu a haimfanyi mtu kuwa mwanamke. Sarufi iliyotumika hapo ni ya lugha za Ulaya. Hata hivyo neno lililotoka katika mapambano ya kisiasa ya Afrika Mashariki liliingia sebuleni mwa Wamarekani likiwa jina la afisa mwenye cheo, si mtumishi. Kwa maelezo ya Nichols mwenyewe, alipotaka kuiacha kazi hiyo, Martin Luther King alimsihi abaki kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo heshima iliyomo katika jina haina shaka. Ndiyo maana inashangaza kwamba mara ya kwanza Kiswahili kusikika katika tamthilia hiyo kinatoka kinywani mwa mwindaji. Maneno yale hayakutafsiriwa kwenye kioo. Mtazamaji wa Marekani hakutazamiwa kuyaelewa. Alitazamiwa kuhisi kwamba jambo la siri, la kwao wenyewe, linapita kati ya weusi wawili. Kiumbe amechungulia moyo wa mwanamke na kukuta upweke, na ndani ya upweke akakuta lugha. Ameitundika lugha hiyo kwenye ndoana.

Katika ngano za Kibantu hili si jambo geni. Msichana aliyekataa wachumba wote humkubali kijana mzuri atokaye mbali, na kijana huyo huwa zimwi. Zimwi la ngano hujua kusalimu, hujua kusifu, hujua kuita jina la mama mkwe. Ngano haimfunzi msichana kuichukia salamu. Inamfunza kutomaliza uchunguzi pale salamu inapoishia.

5.0 Lugha ya Mgeni Ziwani

Kwa mtazamaji wa Lweba mkasa huu una uzito ambao watunzi hawakuukusudia. Katika karne ya 19 Kiswahili kilizidi kuenea katika fuo za Ziwa Tanganyika pamoja na misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji. Misafara hiyo ilifuata pembe za ndovu na watumwa. Katika miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890, Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, aliitumia Ujiji kama ngome ya kuvamia nchi za kaskazini mwa ziwa. Lugha moja ilikuwa ya kuuliza bei, na pia ya kumwamuru mateka ainuke. Mtumbwi uliokuja na salamu uliweza kurudi na minyororo.

Lakini ziwa hilohilo lilikuwa na biashara nyingine, na hapa hadithi ya M-113 inakaribia ajabu. Chemchemi za Uvinza, mashariki ya Ujiji, zilitoa chumvi iliyosafirishwa mbali, hata ng'ambo ya ziwa. Aliyekuwa na njaa ya munyu hakulazimika kumnyonya jirani. Alisafiri, akabadilishana, akarudi. Biashara ya chumvi ilihitaji ahadi, vipimo na lugha ya kuvielezea. Wenyeji wa ziwa walikwisha kulijibu swali ambalo Enterprise haikuliuliza: mwenye chumvi afanye nini anapojiwa na asiyekuwa nayo?

Kisa cha tatu ni cha karibu zaidi na mwaka wa kipindi chenyewe. Mwezi Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, katika nchi ya Fizi, kuwaunga mkono wapiganaji wa mashariki ya Kongo. Wakuba hao walipewa majina ya tarakimu za Kiswahili. Víctor Dreke alikuwa Moja, na Guevara mwenyewe alikuwa Tatu. Walikaa hadi Novemba. Nia yao haifanani hata kidogo na njaa ya kiumbe wa M-113. Kinachofanana ni kwamba miezi kumi na saba kabla ya Uhura kusemeshwa na mgeni mwenye sura ya kuazima, wageni halisi walivaa Kiswahili kama vazi mbele ya wenyeji wa ufuo huu, nao wenyeji walipaswa kupima kilichokuwa ndani ya vazi.

Upimaji huo haujakoma. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mwaka 2015 safari ilikuwa ya kuingia: wakimbizi wa Burundi walipokewa Lusenda, katika Fizi hiyohiyo. Pande zote mbili za ziwa, mtu aliyepoteza nyumba amesimama mbele ya mtu asiyemjua na kujieleza kwa Kiswahili ambacho huenda hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao. Aliyesikiliza alipaswa kuamua kama maneno yale ni ya mwenye haja au ya mwindaji. Hilo si fumbo la hadithi za kubuni za kisayansi. Anayekosea upande mmoja huweza kumfungulia muuaji. Anayekosea upande wa pili humfungia mlango mwenye njaa.

6.0 Kinywa cha Kuazima

Kwa mwanga huo, kuna mkasa mwingine unaostahili kuangaliwa upya. Kirk anaitisha kikao kujadili namna ya kumnasa kiumbe. Katika kikao hicho McCoy anashauri kwamba kiumbe apewe chumvi bila hila, kwa kuwa hatakuwa na sababu ya kushambulia. Shauri hilo linakataliwa. Mtazamaji anajua jambo ambalo wajumbe hawalijui: aliyeketi pale si McCoy. Ni kiumbe mwenyewe.

Huo ndio wakati pekee ambapo kiumbe anajitetea, na utetezi wake ni wa busara. Anaomba jambo dogo, linalowezekana, lililokwisha kujaribiwa kwa Crater. Lakini anaomba kwa kinywa cha mtu mwingine. Kikao kinalipokea ombi lake kama maoni ya daktari mwenye huruma kupita kiasi, na kulitupa. Angalisema kwa sura yake angalipigwa. Aliposema kwa sura ya kuazima hakusikiwa. Uwezo wake wa kujigeuza, uliomlisha, ndio uliomnyang'anya nafasi ya kuwa mmoja wa wanaozungumza.

Hapa mkasa wa Uhura na mkasa wa kikao vinashikana. Mara ya kwanza kiumbe anazungumza lugha ya mwingine ili aue. Mara ya pili anazungumza sauti ya mwingine ili aishi. Katika mara zote mbili hakuna aliyewahi kumuuliza yeye ni nani. Wasomi wa Enterprise wana mitambo ya kupima chumvi katika maiti, lakini katika kipindi chote hawajiulizi kama kiumbe ana lugha yake. Hata Crater, aliyekaa naye, aliridhika na sauti ya Nancy. Hatia ya kipindi imelala hapo, na kila mmoja ana fungu lake ndani yake.

Sarufi ya Kiswahili inatoa ushahidi mdogo unaofaa kutajwa. Kiingereza kinaweza kumtaja kiumbe huyu kwa kiwakilishi kilekile cha jiwe au kiti. Anayeisimulia hadithi hii kwa Kiswahili sanifu hawezi: neno kiumbe lina umbo la ngeli ya vitu, lakini kwa kuwa lina uhai hupatanishwa na a-, kama mtu. Msimulizi wa Kiswahili amekwisha kumweka kiumbe katika jamii ya wenye uhai kabla hajaamua kama anampenda au anamwogopa. Upatanisho huo haumpi kiumbe haki za binadamu, maana simba na mbu nao huupata. Unamzuia tu msimulizi asisahau kwamba kilichokufa mwishoni ni kifo, wala si uharibifu wa kitu.

7.0 Masahihisho ya Tamthilia Yenyewe

Ni haki kusema kwamba tamthilia haikubakia hapo. Tarehe 9 Machi 1967 ilionyeshwa "The Devil in the Dark", iliyotungwa na Gene L. Coon. Humo pia kuna kiumbe muuaji, anayeishi ndani ya miamba na kuwaua wachimba madini. Lakini safari hii Spock anaiunganisha akili yake na ya kiumbe, na inabainika kwamba yeye ni mama, na kwamba wachimbaji wamekuwa wakiyavunja mayai yake bila kujua. Mwisho wake ni mapatano: kila upande unaendelea na kazi yake, na kila mmoja anamfaa mwenzake. Tofauti ya vipindi hivi viwili haimo katika wingi wa huruma. Imo katika tendo moja la kuuliza na kungoja jibu.

Kiswahili nacho kilirejeshewa heshima. Katika "The Changeling", kilichoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967, kumbukumbu za Uhura zinafutwa na mtambo, naye anafundishwa kusoma upya. Anapokwama katika Kiingereza, Kiswahili kinamtoka chenyewe. Lugha iliyokuwa chambo mwaka mmoja kabla imekuwa sasa ni makao, mahali ambapo mtu hurudi anaponyang'anywa vingine vyote. Mikasa hii miwili haina budi kufundishwa pamoja, kwa maana kila mmoja peke yake unasema nusu ya ukweli kuhusu lugha.

8.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba mjadala wa muda mrefu kuhusu mauaji ya M-113 umejifunga katika dakika ya mwisho, wakati dhamiri haikuwa na la kuchagua isipokuwa kati ya maiti mbili. Kosa lilitendeka mapema: katika siri ya Crater, katika kikao kilichokataa kutoa chumvi, na katika lugha zilizoazimwa bila mwenye kuazima kuulizwa haja yake.

Imeonekana pia kwamba Kiswahili katika kipindi hicho si pambo. Kinadhihirisha jambo ambalo wakazi wa Ziwa Tanganyika wamelijua kwa gharama kubwa: kuongea lugha ya mtu hakumfanyi msemaji kuwa ndugu, wala hakumfanyi kuwa zimwi. Lugha hufungua mazungumzo tu. Udugu, au uadui, huthibitishwa na kinachofuata baada ya salamu: kama mgeni anataja haja yake, na kama mwenyeji anayo subira ya kumsikiliza hadi mwisho.

Nyati wanaomsumbua Kirk katika maneno yake ya mwisho ni wanyama wasiosema. Kuwakumbuka ni jambo jema, lakini ni rahisi kuliko kukumbuka kwamba saa chache kabla, katika chumba chake cha mkutano, kiumbe aliomba chumvi kwa maneno yaliyoeleweka na kila mtu, na akanyimwa.